Kustaafu si kuketi kizingitini



Katika ukatibu wa kamati ya msikiti, daftari la michango na mihutasari ya vikao ni sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa ni watu. Mwezi uliopita walitujia ndugu watatu, watoto wa mzee mmoja wa mtaa wetu, wakatuomba tukazungumze na baba yao. Mzee huyo alistaafu utumishi wa umma alipotimiza miaka 60, akapokea mafao yake, kisha akaenda Marekani kumtembelea binti yake mkubwa anayeishi katika jimbo la Minnesota. Aliporejea alitangaza nyumbani kwamba atanunua Hiace kuukuu, ang'oe viti vya nyuma, atie godoro na jiko la gesi, kisha aelekee Mwanza na Ukerewe kuvua samaki kwa ndoana.

"Baba amechanganyikiwa," alisema mdogo wao kwa sauti ya chini. "Pesa ya uzeeni inakwenda kununua kitanda chenye magurudumu."

Tulikwenda tukiwa tumekwisha kuyapanga maneno yetu: kwamba utu uzima ni wa kutulia, kwamba kiinua mgongo ni amana ya familia, na kwamba barabara zina hatari zake. Mzee alitupokea vizuri, akatuandalia kahawa na kashata, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, mmesema yenu. Sasa nisikilizeni na mimi." Tukasikiliza hadi adhana ya Alasiri. Haya tunayoyaandika leo, kwa idhini yake, ndiyo tuliyotoka nayo.

Jirani wa binti yake ni mzee aliyekuwa dereva wa mabasi, na mkewe alikuwa muuguzi. Wamestaafu wote wawili. Uani kwao pana gari ambalo ni nyumba: mbele ni kichwa cha lori dogo, nyuma pana kitanda, jiko, jokofu, bafu na choo. Magari ya namna hii yamejaa Marekani, na sehemu kubwa yake hutengenezwa katika mji wa Elkhart na viunga vyake, jimbo la Indiana. Yapo makubwa kama basi, yapo matela yanayokokotwa na gari la kawaida, na yapo madogo yasiyozidi Hiace zetu. Wastaafu wengi wa huko huyatumia kwa misimu: kiangazi huelekea kaskazini penye maziwa na misitu, na baridi inapoanza huteremka kusini, Arizona au Florida, kama ndege wanaohama.

Mzee wetu alialikwa safari ya siku tisa. Alidhani angekaa kama mgeni, kumbe nyumba ya magurudumu haina mgeni. Alifundishwa kwamba gari lina matangi matatu: la maji safi, la maji machafu ya sinki na bafu, na la choo. Haya mawili ya mwisho humwagwa mahali maalumu tu, wala si porini, na asiyefanya hivyo hutozwa faini. Alifundishwa kusawazisha gari kwa vipande vya mbao kabla ya kulala, kufunga gesi kabla ya kuondoka, na kuchomeka umeme wa kambi. Kila asubuhi yule dereva alizunguka gari lake akigusa kila tairi kwa mkono. "Nilimwona mtu wa miaka 70 na zaidi," alituambia, "ana kazi ya kufanya kila asubuhi, na hakuna bosi aliyempangia."

Walifuata barabara namba 61 kutoka Duluth, ziwa likiwa mkono wa kulia muda wote, wakapita maporomoko ya Gooseberry na mnara wa taa wa Split Rock uliosimama juu ya jabali tangu mwaka 1910, hadi mji mdogo wa Grand Marais. Ziwa lenyewe ni Superior. Sisi tuliofundishwa shuleni kwamba Victoria ni la pili duniani kwa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi, la kwanza ndilo hilo: lina kilomita za mraba zipatazo 82,000, ilhali letu lina kama 69,000. Kwa kina hazifanani hata kidogo. Victoria halizidi sana mita 80, na Superior hufikia mita 406. Maji yake ni ya baridi mno hata wakati wa jua kali, na katika baridi hiyo ndimo anamoishi samaki waliyemfuata, trauti wa ziwa.

Trauti huyu ana mwili wa kijivu au kijani iliyofifia, wenye madoa meupe, na mkia uliogawanyika kama panda. Hapendi joto. Majira ya kuchipua na ya vuli huja karibu na juu, lakini kiangazi huzama kwenye vina virefu, na mvuvi hana budi kumfuata huko. Yule dereva alitumia chubwi zito lililoteremshwa kwa waya wa chuma, mshipi ukiwa umebanwa juu yake kidogo, na chambo cha bati linalong'aa kikiburuzwa nyuma ya mashua inayokwenda mwendo wa mtu atembeaye. Samaki akigusa, mshipi huchomoka kwenye kibano, na ufito uliokuwa umepinda hunyooka ghafla. Hiyo ndiyo ishara. Mzee anasema saa mbili za kwanza hakuna kilichonyooka, na hakuna aliyelalamika. Mke wa dereva alikuwa akifuma soksi.

Ukubwa wa samaki huyu unaweza kumshangaza hata mzoefu wa sangara. Rekodi ya waliovuliwa kwa ndoana ni ya mwaka 1995 katika ziwa Great Bear huko Kanada: paundi 72, yaani kilo 32 na ushei. Wao walipata wawili, wa kilo mbili mbili hivi. Idadi anayoruhusiwa mvuvi kwa siku imewekwa na sheria, na leseni hununuliwa kabla ya kutia mshipi majini. Samaki huyu hukua polepole. Huchukua miaka sita, saba, hata kumi kabla ya kuanza kuzaa, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Ukimvua ovyo, umekula akiba ya miaka mingi kwa siku moja.

Usiku wa siku ile, wakiwa wameuzunguka moto, mwenyeji wake alimsimulia kwamba alipokuwa kijana trauti walikuwa karibu kutoweka. Kisa hicho kinajulikana. Samaki wa baharini aitwaye lamprei, mwenye umbo la mkunga na mdomo wa duara uliojaa meno, aliingia katika maziwa hayo ya juu kwa kupitia mfereji wa Welland, uliojengwa ili meli ziyakwepe maporomoko ya Niagara. Alionekana Superior mwaka 1938. Hujibandika ubavuni mwa trauti akamnyonya damu. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa trauti ulikuwa umeporomoka. Marekani na Kanada zikatia saini mkataba mwaka 1954, na mwaka 1958 zikaanza kutumia dawa inayowaua vijana wa lamprei wakiwa bado katika vijito walimozaliwa. Vifaranga vya trauti vikapandikizwa mwaka baada ya mwaka. Ilichukua miongo kadhaa kabla trauti wa Superior hawajaweza tena kuzaliana wenyewe kwa wingi. Sisi tunaoijua hadithi ya sangara kuletwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, na jinsi furu walivyoangamia, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

"Baba yake aliuza nyavu," mzee alituambia. "Yeye aliona samaki wakirudi akiwa mtu mzima. Sasa anawapeleka wajukuu wavue. Akaniuliza: na wewe, ziwa lenu umewapeleka nani? Nikanyamaza."

Alinyamaza kwa sababu marehemu mkewe alizaliwa Ukerewe. Kwa miaka 30 na zaidi ya ndoa yao alimwahidi kwamba watakwenda pamoja, akaone alipochezea mkewe utotoni. Kila mwaka palikuwa na ada za shule, au ujenzi, au mgonjwa. "Tukistaafu, mama," alikuwa akimwambia. Mama alifariki miezi kumi na minne kabla ya barua ya kustaafu kufika. Hakuna miongoni mwa watoto watatu waliotujia aliyelitaja jambo hilo, na pengine walikuwa hawalijui.

Tusifiche upande wa pili. Si kila mzee anayelala katika gari huko Marekani amechagua kufanya hivyo. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 wapo waliopoteza nyumba na akiba, wakahamia katika magari yao, wakawa wanafuata vibarua vya msimu wakiwa na miaka 60 na 70. Hata yule dereva na mkewe hawana fedha ya kuchezea. Wana kadi ya hifadhi za taifa inayouzwa dola 80 kwa maisha yote kwa mwenye miaka 62 na kuendelea, na kwa kadi hiyo hulipa nusu bei katika kambi nyingi za serikali kuu. Msimu mwingine hujitolea kuwa waangalizi wa kambi, wakapewa sehemu ya kuegesha bure. Starehe yao imepigiwa hesabu.

Hapo ndipo tulipopata la kusema. Tulimwambia mzee kwamba watoto wake wana haki ya kuogopa, kwa kuwa wamewaona wastaafu waliomaliza mafao kwa mwaka mmoja wakabaki kuomba nauli. Tuliwaambia watoto kwamba baba yao hakuomba ruhusa ya kuponda mali. Ana ahadi aliyochelewa kuitimiza. Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu, na binti wa pili alitoka nje akilia mara baba yake alipomtaja marehemu. Lakini waliafikiana. Gari halitanunuliwa, litakodiwa la mpwa wao kwa wiki tatu, na mafao hayataguswa. Mzee atapimwa shinikizo la damu kabla ya kuondoka. Wataendesha mchana tu, kwa vituo: Dodoma, Singida, Shinyanga. Mjukuu wa miaka kumi na mitatu atakwenda naye wakati wa likizo ya shule, na wataomba kutoka na wenyeji wenye mashua na vibali, wala hawataingia ziwani peke yao. Mdogo wao bado haridhiki. Amesema hivyo mbele yetu, na mzee amemwambia ni haki yake.

Tunayo maneno mawili kwa wasomaji. Vijana, mnapopanga maisha ya wazazi wenu waliostaafu, kuwaachia wajukuu na ufunguo wa geti, waulizeni kwanza walitaka kwenda wapi. Nanyi wazee wetu mliobakiza miaka mitano kabla ya barua ile, ahadi mlizozifunga kwa maneno "tukistaafu" zitoeni leo mkazitazame na wenzi wenu. Ambayo inawezekana Jumamosi ijayo, kwa basi na chapati za kufunga kwenye karatasi, isingoje.

Mzee ataondoka mwezi ujao, in shaa Allah. Ametuagiza tumtafutie ndoana imara. Anasema za dukani kwetu zinapinda kabla samaki hajafika.

Wabillahi tawfiq.