Mjusi mwenye pembe wa Toronto na swali la Tendaguru

Mwezi Julai mwaka 2015, Makumbusho ya Royal Ontario mjini Toronto yaliutangazia ulimwengu kugunduliwa kwa dinosaria ambaye hakuwa akijulikana. Wendiceratops pinhornensis alikuwa mla majani mwenye urefu wa mita 6 hivi, aliyeishi miaka milioni 79 iliyopita katika kipindi cha Kretasia. Alikuwa na pembe juu ya pua, na ngao ya mfupa nyuma ya kichwa iliyozungukwa na pembe zilizojikunja mbele mfano wa kulabu.

Sura yake ndiyo iliyovuta macho ya wengi. Lakini kwa Waafrika Mashariki, wakiwemo maelfu waishio Toronto, lenye uzito zaidi ni jambo jingine: mifupa hiyo ni mali ya nani?

Sheria ya Alberta

Mabaki hayo yaligunduliwa mwaka 2010 na Wendy Sloboda, mtafutaji mashuhuri wa visukuku, katika eneo la malisho la Pinhorn, kusini mwa jimbo la Alberta. Wataalamu David Evans wa Toronto na Michael Ryan wa Cleveland, Marekani, waliongoza utafiti wa mifupa zaidi ya 200 ya wanyama wasiopungua wanne.

Toronto ilionyesha kiunzi kilichoundwa upya kwa ukubwa kamili. Kielelezo rasmi kimesajiliwa katika Makumbusho ya Royal Tyrrell, huko huko Alberta. Hiyo si hisani ya mtu. Tangu mwaka 1978, sheria ya jimbo hilo huvihesabu visukuku kuwa mali ya umma. Havifukuliwi bila kibali, wala havitolewi nje bila ruhusa.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1920 msafara wa Chuo Kikuu cha Toronto ulichimbua Alberta mabaki ya dinosaria aitwaye Parasaurolophus, nayo yangali Toronto hadi leo.

Kutoka Lindi hadi Berlin

Msomaji wa Tanzania atakumbuka mara moja Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa, ya kale kuliko ile ya Alberta, zilichukuliwa na wapagazi hadi bandarini na kusafirishwa Ujerumani. Utawala wa Kijerumani, uliokuwa umetoka kuvizima vita vya Majimaji, ndio uliotunga sheria na ndio uliochukua. Mjusi mkubwa kuliko wote, Giraffatitan, mwenye kimo kinachopita mita 13, anasimama katika makumbusho ya Berlin.

Tofauti inaonekana hata katika majina. Sloboda alienziwa mara tu mnyama wake alipotangazwa. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji wa Tendaguru, alisubiri hadi mwaka 2007, pale dinosaria mmoja alipoitwa Australodocus bohetii. Kabila la Wamwera lilikumbukwa mwaka 2019, kwa jina la Wamweracaudia.

Kudai au kushirikiana?

Mwezi Mei 2018, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, Augustine Mahiga, alisema serikali haitadai mifupa hiyo irejeshwe, bali itatafuta ushirikiano na Ujerumani. Wanaounga mkono msimamo huo hutaja udhaifu wa mifupa na gharama za kuitunza. Wanaoupinga huuliza kwa nini mtoto wa Lindi alazimike kupanda ndege kwenda kuuona urithi wa kijiji chake.

Mfano wa Alberta unazigusa hoja zote mbili. Jimbo hilo halikutosheka na sheria. Mwaka 1985, miaka 7 baadaye, lilifungua Makumbusho ya Tyrrell katika mji mdogo wa Drumheller, karibu na mabonde yenye visukuku. Wataalamu wa Toronto wanaendelea kuchimba huko, wanaandika tafiti na kupata nakala za maonyesho, ilhali mifupa inabaki nyumbani.

Kwa hiyo ushirikiano na umiliki si mambo yanayopingana. Ikiwa Dodoma na Berlin zitarudi mezani, swali la kwanza huenda lisiwe lini mjusi atasafiri, bali ni nani atakayeandikwa kuwa mwenyewe, na ni lini Lindi itapata nyumba ya kumpokea.