Umenunua Rangi, Ndugu Yangu

Sokoni Buguruni tikiti la shilingi elfu tatu unaligonga kwa kidole, unalisikiliza, unalirudisha, unachukua jingine. Nyumba ya mamilioni unaipitia kwa dakika kumi, dalali mbele anafungua milango, wewe nyuma unasifia gipsam na taili. Umelogwa?

Nimechoka kunyamaza. Dalali wa kupanga unampa kodi ya mwezi mzima wala hunung'uniki. Mkaguzi wa nyumba, mtu pekee hapo ambaye malipo yake ni yale yale ukikubali au ukikataa, unamwona mwizi. "Yaani kuangalia tu ndiyo hela yote hiyo?"

Ndiyo, kuangalia tu. Wewe unajua kuangalia?

Nyumba njema si mlango, wazee walishatuambia. Mkaguzi anaanzia nje, anatazama ardhi imeinamia wapi, maana maji ya mvua yakielekea kwenye msingi, msingi utayanywa kila masika. Anazunguka kuta. Ufa mwembamba wa lipu anaupita. Ufa unaoshuka mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingiza sarafu, huo anasimama nao, kwa sababu huenda nyumba inazama upande mmoja. Rangi ya chini ya ukuta ni mpya kuliko ya juu? Anataka kujua imefunika nini: chumvi, au mstari wa mafuriko?

Kisha anapanda darini. Dalali alikupeleka darini? Huko ndiko kuna kenchi zilizoliwa na mchwa na waya zilizofungwa kwa nailoni. Akishuka anapima kama ethi imefika ardhini kweli au imeishia kwenye soketi. Anafungulia mabomba yote kwa pamoja. Anafunua chemba.

Wewe ulifunua nini? Ulifunua pochi!

Halafu tunalia. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliua watu zaidi ya 30. Aprili 2016, Huruma, Nairobi, liliporomoka ghorofa lililokuwa limeshaamriwa kubomolewa, na wapangaji wamo ndani. Novemba 2024, Kariakoo, Dar es Salaam, ghorofa liliporomoka na watu walisikika wakiita kutoka chini ya kifusi. Na ukaguzi? Ukaguzi tunautangaza baada ya mazishi. Kila mara baada ya mazishi!

Usiniambie nyumba yako haina ghorofa. Shoti ya umeme haihesabu ghorofa. Inakuja usiku, watoto wamelala, na dirisha lina nondo. Hata isipokuja, kila mwaka utalipa fundi wa paa, fundi wa bomba, fundi wa kuchimbua sakafu, mpaka ada ya shule iliwe na nyumba uliyodhani umeipata kwa bei ya kutupa.

Amka basi. Kabla ya kutia saini, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na fundi umeme mwenye leseni, wakague mchana na bila haraka. Mwenye nyumba akikataa dari ifunguliwe, ondoka na pesa yako.

Na wewe unayejenga, sikia: mkaguzi havunji ukuta. Nondo ukishazifukia kwenye zege, hakuna jicho litakalozihesabu. Mwite leo, zikiwa bado nje, kabla kokoto hazijachanganywa.