Mali ya Nyumba: Mafuta ya bwate otomatike



Juma hili tunaongea juu ya gari. Wengi wetu hapa Bukavu tuna Toyota ya zamani iliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam. Shofere anafanya nayo teksi, na pesa anayoleta jioni ndiyo inanunua unga na kulipa shule ya sekondari. Mafuta ya moteri tunayakumbuka. Mafuta ya bwate otomatike tunayasahau, na bwate ikikufa, bei ya kuitengeneza inaweza kumaliza akiba yote uliyoweka katika AVEC.

Katika gari la vitesi za mkono, mguu wa shofere ndio unakanyaga na kuachia. Katika gari la otomatike, kazi hiyo inafanywa na mafuta. Yanabeba nguvu kutoka kwa moteri, yanabana sahani za ndani ili vitesi ibadilike, yanalainisha na kupunguza joto. Adui wake ni joto. Gari linalopanda Kadutu na abiria watano, likisimama na kuondoka kila hatua, linapika mafuta hayo kuliko gari linalotembea barabara tambarare.

Kuyapima si kazi ngumu. Kama bwate ina kijiti cha kupimia, ngoja gari litembee robo saa hivi, kisha lisimame mahali tambarare, moteri ikiwaka na fere ya mkono imevutwa. Shofere akanyage fere, apitishe mkono wa vitesi polepole katika nafasi zote, arudi kwenye P. Toa kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe, kitoe tena. Mafuta yafike katika alama za joto, yaani HOT. Yakipungua, gari linachelewa kuondoka. Yakizidi, yanafanya povu, na povu halina nguvu ya kubana. Angalia pia rangi na harufu. Mafuta mazuri ya Toyota ni mekundu na yanapitisha mwanga. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, usingoje mwezi ujao.

Aina ya mafuta haichaguliwi kwa bei. Magari mengine yameandikwa T-IV, mengine WS, ya zamani zaidi Dexron. Jina hilo linapatikana katika kitabu cha gari, na mara nyingi juu ya kijiti chenyewe. T-IV na WS hazichukui nafasi ya mwenzake. Bwate ya CVT ina mafuta yake ya pekee. Na mafuta ya moteri hayaingii humo hata siku moja. Nunua bidoni ambayo haijafunguliwa, na usome jina wewe mwenyewe kabla ya kulipa.

Sasa ile hofu tunayoisikia kila garaje: «Gari la zamani usiliguse mafuta, litakufa.» Ni kweli kuna magari yaliyokufa baada ya vidanji. Lakini mengi yalikuwa tayari yanateleza, moteri inalia na gari haliendi. Hapo sahani za ndani zimekwisha, na mafuta mapya hayawezi kuzirudisha. Kama gari lako bado linabadili vitesi vizuri, badilisha kidogo kidogo. Usikubali wayasukume kwa mashine ya nguvu. Ukifungua buloni ya chini, yanatoka chini ya nusu, kwani mengine yanabaki ndani. Kwa hiyo fundi ayapime yaliyotoka katika chupa tupu, arudishe kiasi kile kile, kisha apime kwa kijiti. Baada ya majuma machache rudia, na mara ya tatu kama bado ni meusi.

Siku fundi anaposhusha sahani ya chini, mama uwepo. Mwombe akuonyeshe sumaku zilizo ndani. Uji mwembamba wa kijivu juu yake ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni ugonjwa, na ni afadhali ujue siku hiyo kuliko siku gari litakapozimika njiani. Asafishe sumaku, abadilishe filtri, na aweke mpira mpya wa kuziba.

Kwa gari la teksi, sisi tunashauri vidanji hii kila kilomita 40.000. Andika namba ya kilomita na tarehe katika daftari yako, si katika kichwa cha shofere. Kila juma toa kiasi kidogo katika pesa ya teksi, ukiweke kando kwa jina la bwate. Tumezoea kufanya hivyo kwa minervali. Gari linaloilipa minervali linastahili vile vile.

Neno la mwisho: mafuta ya zamani yasimwagwe katika mfereji. Mvua ya Bukavu inayapeleka Ziwa Kivu, mahali sambaza zetu zinatoka. Yafungwe katika bidoni, mbali na watoto.

Mama mwenye teksi, jioni hii shofere akirudi, mwulize maswali matatu: mafuta ya bwate yalibadilishwa lini, ni aina gani, na gari linateleza au hapana? Kama hajui la kwanza, pima kesho asubuhi kabla hajachukua abiria.