JIFUNZE LUGHA: "Iliharibika" au "imeharibika"?



Tuseme pampu ya maji ya kijiji kimoja huko Kanazi imeharibika. Katibu wa kamati ya maji anaandika barua kwa Halmashauri ya Wilaya, Ngara mjini. Anaandika hivi: "Pampu yetu iliharibika."

Ofisa anasoma. Anajiuliza: Iliharibika lini? Je, ilikwisha tengenezwa, au bado? Barua haisemi. Anaiweka kando, anashika barua nyingine. Huko kijijini akina mama wanaendelea kuchota maji mtoni.

Tatizo ni herufi mbili tu. Ilifaa aandike: "Pampu yetu imeharibika."

LI na ME

LI hutaja jambo lililopita. Haionyeshi kama hali hiyo ipo hadi leo. ME huonyesha kuwa jambo limekwisha tendeka, na hali yake ipo sasa.

Mlango wa ghala ulifungwa. (Labda sasa u wazi.)
Mlango wa ghala umefungwa. (Sasa huwezi kuingia.)

Tukikanusha

LI hugeuka KU. ME hugeuka JA.

Mtoto hakuchanjwa Jumatatu. (Labda alichanjwa siku nyingine.)
Mtoto hajachanjwa. (Mpaka sasa bado. Mpeleke zahanati.)

Vivyo hivyo katika daftari la madeni. "Hajalipa" maana yake deni lipo, na tunamngoja.

Taja siku

Kihaya, lugha ya ndugu zetu wa Bukoba, hutenganisha jambo la leo, la jana na la zamani ndani ya kitenzi chenyewe. Kiswahili hakifanyi hivyo. LI moja hubeba yote: "Nilivuna maharage leo asubuhi." "Babu alivuna kahawa mwaka 1961." Kwa hiyo, ukiandika LI katika barua, taja na siku.

Kiingereza je?

Kiingereza pia kina njia hizi mbili, lakini ni kikali zaidi. Sisi twaweza kusema, "Mgeni amefika jana," naye bado yupo nyumbani. Mwingereza hakubali. Kwake, ukitaja "jana" au "mwaka jana", lazima utumie njia iliyo kama LI yetu. Njia iliyo kama ME haikai pamoja na siku iliyokwisha pita. Mwambie hayo mwanao anayesoma sekondari. Akitafsiri ME yetu neno kwa neno, atakosa alama.

Zoezi

Jaza LI, ME au JA:
1. Daraja li__vunjika. Hatuwezi kuvuka.
2. Mvua i__nyesha Jumapili iliyopita.
3. Mbolea hai__fika. Bado tunaingoja.

Majibu: 1. ME. 2. LI. 3. JA.

Ukimaliza kuandika barua, isome tena kabla ya kuifunga. Jiulize: Atakayeisoma atajua hali ilivyo sasa?