Kumkatia Adui Simu ya Upepo

Kila askari anafahamu kwamba kikosi kilichokatiwa simu ya upepo, hata kikiwa na silaha tele, hakiwezi kushambulia kwa pamoja. Kanuni hiyo sasa inatumiwa na wataalamu dhidi ya adui asiyeonekana kwa macho, yaani bakteria wanaoozesha majeraha.

Bakteria waitwao stafilokokasi huishi puani na ngozini mwa watu wengi pasipo kuleta madhara. Wakipenya jerahani, kila mmoja hutoa kemikali iliyo ishara kwa wenziwe. Wakiwa wachache, ishara huwa hafifu nao hutulia. Wakishaongezeka, ishara hufikia kiwango maalumu, ndipo wote humwaga sumu kwa pamoja, zikaharibu nyama ya mwili na chembe za damu zinazoulinda.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, wakiongozwa na Cassandra Quave, walitangaza habari za majani ya mti wa chesnati. Fununu waliipata kwa wanavijiji wa Italia, ambao huchemsha majani hayo na kuoshea ngozi yenye maradhi. Dawa iliyokamuliwa humo haikuwaua bakteria, bali iliwakatia mawasiliano. Panya wa maabara waliotiwa bakteria sugu walipata vidonda vidogo zaidi.

Umuhimu wa jambo hili ni mkubwa. Dawa inayoua huwaacha hai wale wachache wanaoistahimili, nao wakazaana. Mwaka 2019 usugu wa namna hiyo ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani. Bakteria aliyepokonywa sumu bila kuuawa hashurutishwi vikali kujenga usugu, na kinga ya mwili humaliza kazi iliyobaki.

Hata hivyo, panya si binadamu. Ushindi wa maabara haumruhusu askari kujipaka majani jerahani na kuiacha zahanati. Wajibu wetu wa leo ni ule ule: kuosha jeraha kwa maji safi na sabuni, kumwona tabibu mapema, na kumeza dawa kama alivyoagiza, bila kumgawia mwenzetu vidonge wala kuviacha maumivu yanapopungua. Askari anayekatisha dozi humwacha adui shambani akiwa hai, tena akiwa amekwisha kuijua silaha yetu.