Msituambie Bububu hakuna soko la intaneti



Tukilalamika kuwa intaneti inasuasua jioni, jibu huwa lile lile: mnara ni ghali, na watu wa nje ya mji hununua bando la siku moja tu. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Nusu ya pili ni kisingizio.

Kweli ni kwamba umeme, dizeli, ulinzi na kodi ya kiwanja hulipwa hata kama mnara una wateja hamsini tu. Na umeme wetu umetutesa: waya wa baharini ulipoharibika tulikaa gizani mwaka 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku kama zile mnara huishi kwa dizeli.

Lakini waya mpya wa megawati 100 umekuja tangu 2013. Nyaya za intaneti za SEACOM na EASSy zimefika Dar es Salaam tangu 2009 na 2010. Na mnara mmoja unaweza kubeba mitambo ya kampuni mbili au tatu, kila moja ikalipa fungu lake.

Sasa tazama daladala ya 502. Gari ghali, mafuta ghali, nauli ndogo. Mbona haijafa? Kwa sababu inajaa, tena kila safari. Mnara nao hulipa ukijaa, na kutoka Mtoni hadi Chuini nyumba zinazidi kusongamana. Bando dogo la watu wengi ni pesa.

Kijiji chenye nyumba thelathini ni jambo jengine. Huko ndiko kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya 2006. Sisi hatuombi msaada, ni wateja.

Hasara ya mtandao mbovu inamwangukia mkulima. Tungule hazisubiri. Asiyepata bei ya Mwanakwerekwe asubuhi humuuzia mchuuzi wa kwanza aliyefika shambani, kwa bei ya mchuuzi. Asiyeweza kutuma picha ya mzigo kwa mnunuzi wa hoteli ya Nungwi, oda huenda kwa mwengine.

Basi tufanye haya:

1. Andika kwenye daftari tarehe, saa na mahali mtandao ulipokata. Baada ya mwezi kusanyeni madaftari, mpeleke kwa sheha, kwa kampuni na kwenye ofisi ya TCRA Zanzibar. Malalamiko ya mdomo husahaulika.

2. Hesabu bando kama unavyohesabu mbolea: limekuingizia kiasi gani kwenye bei? Kampuni ikiona hesabu, haitasema hatuna uwezo.

3. Ukiombwa kiwanja cha mnara, uliza kabla ya kusaini kama kampuni nyengine zitaruhusiwa kuutumia, na kodi yako itakuwaje zikija.

Wanaosema hatulipi waje na hesabu zao. Sisi tuwe na zetu.