Petro si Jina la Mkoloni

Makala iliyochapishwa majuzi inawataka wazazi waache kuwaita watoto wao Petro, kwa hoja kwamba ni jina tulilobandikwa na wakoloni. Napinga. Hasira ya mwandishi naielewa. Historia yake ni mbovu.

Kwanza, jina lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni jiwe au mwamba. Tena Kigiriki kilikuwa kikitafsiri tu: Yesu alimwita Simoni kwa Kiaramu, Kefa, yaani jiwe. Mvuvi huyo wa Galilaya, basi, si Mwingereza wala Mjerumani. Wazungu nao walilipokea kama sisi, wakalifinyanga kwa ndimi zao: Peter, Pierre, Pedro. Waarabu Wakristo wakasema Butros.

Pili, na hapa ndipo makala inaponiudhi hasa, Afrika ililibeba jina hili kabla ya meli yoyote ya Wareno kufika Mombasa. Petro, askofu wa Alexandria nchini Misri, aliuawa kwa imani yake mwaka 311. Wakristo Wakoptiki wa Misri wanamkumbuka hadi leo. Na ukitaka Petro aliyepambana na ukoloni, nenda Addis Ababa: Abune Petros, askofu wa Ethiopia, alikataa kuutambua utawala wa Italia, akapigwa risasi hadharani Julai 1936. Sanamu yake ipo jijini humo.

Je, huyo ndiye ambaye mwandishi anataka tumwite kibaraka wa Wazungu? Mzazi anayependa jina la Kiafrika ampe mwanawe, ni haki yake. Lakini Petro asifutwe kwa uongo.